Aliyetandika Kitanda cha Shangazi

Sajini alikuta mazishi yamekwisha na watu wameshatawanyika. Habari ilikuwa imemtafuta mji kwa mji, kwa sababu tangu alipovua magwanda ya jeshi hakuwa na mahali pa kusema hapa ndipo kwangu. Mwezi huu analinda ghala la mbao, mwezi ujao yuko kwenye geti la kiwanda cha sabuni, mwezi wa baadaye hayupo, na aliyempangisha chumba amebaki na ufunguo mkononi. Hakuwa mlevi wala mkorofi. Alikuwa mtu wa kuondoka tu. Watu wakianza kumzoea, wakianza kumwekea chai bila kumuuliza, yeye anaanza kuutazama mlango.

Shangazi alikuwa akikaa kwenye mtaa wa mwinuko, katika safu ya vyumba vilivyopakana ukuta kwa ukuta. Mlangoni Sajini alimkuta jirani, bibi mmoja mnene, mguu mmoja umefungwa bandeji kuanzia kifundoni mpaka karibu na goti, amekaa kwenye kiti cha plastiki na kukunja mikono kama askari wa zamu. Mtaa mzima ulimwita Bi Redio, maana habari ikishatoka kwake haihitaji kurudiwa.

"Shikamoo, Bi Redio."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu." Hakusema kwa ukali. "Amekungoja huyu mpaka macho yakamuuma. Gari likinguruma hapo chini, anasema huyo, kijana wangu huyo. Namwambia, dada, hilo ni gari la takataka. Haya, shika ufunguo. Walitaka kufagia nikawafukuza. Nimesema chumba hakiguswi mpaka mwenyewe aje."

Sajini akapokea ufunguo. Shangazi ndiye aliyemlea tangu hajaota meno ya pili. Ndiye aliyemkatia suruali za baba yake zikamwenea, ndiye aliyemsindikiza siku anakwenda jeshini, na hakulia mpaka lori lilipopinda kona. Akaingia.

Kila kitu kilikuwa pale pale. Kikombe cha bati chenye alama ya kuungua pembeni. Miwani juu ya redio iliyofungwa kwa mpira. Kanga mbili msumarini. Kitanda cha mbao, na juu yake blanketi la kijivu limefunuliwa upande wa juu, pale walipomtoa marehemu. Upande wa miguuni hakuna aliyegusa.

Hapo ndipo macho yake yalipokwama.

Blanketi lilikuwa limechomekwa chini ya godoro. Shangazi hakuwahi kuchomeka blanketi maisha yake yote. Masika na kiangazi alilala nyayo zikiwa nje, na ukimfunika anakurudishia blanketi kwa teke. "Miguu yangu haijafanya kosa," alikuwa akisema, "kwa nini niifunge jela?" Na hili halikuchomekwa ovyo. Kona zilikunjwa kama bahasha, zikabanwa, halafu ncha ya kila kona ikageuzwa ndani kama ukosi wa shati. Mto nao ulikuwa umenyooshwa, na mdomo wa foronya ukaelekezwa ukutani, mbali na mlango, ili anayeingia asiuone.

Sajini akaketi sakafuni taratibu. Askari wote hufundishwa kukunja kona kama bahasha. Lakini ncha ya kugeuzwa ndani ilikuwa ya kambi moja tu ya mafunzo, aliyopitia yeye. Mwalimu wao wa kule alikuwa mtoto wa fundi cherehani, na kitanda chenye ncha inayochungulia alikuwa akikipindua na kuruta juu yake.

"Bi Redio!" akaita. "Nani alimtandikia Shangazi?"

"Nani amtandikie? Tumemkuta hivyo hivyo, amelala kama picha. Mpaka nikasema, leo huyu amelala kwa adabu!"

Jeshini Sajini alikuwa polisi wa jeshi, kitengo cha upelelezi. Askari akifa kambini kifo kisichoeleweka, yeye ndiye aliyeitwa. Alijua kuuliza bila kuuliza, na alijua kukaa kimya mpaka mwenzake aone haya na kuanza kusema. Lakini kazi yake yote aliifanya watu wakiwa wameshakufa. Hakuna hata siku moja aliyowahi kufika kabla.

Jioni ile, kwa kikombe cha chai, Bi Redio akamsimulia kuwa mwaka huu wazee wa mtaa wa mwinuko wanaondoka kama walioitana. Wote wanawake, wote wenye maradhi ya kukaa kitandani, wote mchana, nyumba ikiwa tupu. "Tukasema ndiyo umri. Tutasemaje tena?"

Asubuhi Sajini akaenda kwa Mama Pacha, muuza mkaa, aliyefiwa na mama mkwe. Alimkuta amejaa vumbi mpaka kwenye kope, anapima mkaa kwenye kopo.

"Mama mkwe wangu?" akasema Mama Pacha. "Mungu amrehemu, yule alikuwa analala kama anayepigana ngumi. Lakini siku ile! Nilirudi nikamkuta ametulia, amefunikwa mpaka kifuani. Hata kumtoa tulihangaika, blanketi limebanwa kama turubai la lori. Shemeji yako alilivuta mpaka akakaa chini kwa makalio, msibani, watu wakabana vicheko."

"Kona zilikuwaje?"

"Kona gani tena, kaka? Nilikuwa nalia." Akafikiri, kopo mkononi. "Ila kuna kipande kilikuwa kimeingizwa ndani. Kama shingo ya shati la shule. Ndiyo. Nilikikunjua mimi mwenyewe."

Akaenda kwa fundi viatu, mzee mwenye kidonda cha sukari mguuni, aliyekuwa akiishi na dada yake mpaka dada naye alipofariki. Maneno yakawa yale yale. Na kila nyumba Sajini alipouliza, kana kwamba anatafuta mazungumzo tu, ni nani alikuwa akiwasaidia wagonjwa, jibu lilikuja na tabasamu.

"Si Dresa wetu! Bila yule kijana tungeshaoza."

Dresa hakuwa kijana, umri wake haukupishana sana na wa Sajini, ila wazee waliomwita hivyo walikuwa na haki. Alikuwa mfunga vidonda wa zahanati ya mtaa. Akimaliza zamu alizunguka nyumba kwa nyumba na bakuli lake la bati na begi la turubai, kuwasafisha wasioweza kutembea. Wakati wa mazishi ya Shangazi ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele.

Sajini alikuwa na lengelenge kisiginoni, viatu vya kazi ya geti vilimchuna. Akalifanya tiketi ya kumfikia Dresa. Alimkuta Dresa kwenye chumba chake nyuma ya zahanati, chumba cheupe chenye harufu ya dawa na sabuni ya kipande. Mikasi ilikuwa inachemka kwenye sufuria ndogo. Dresa akanawa mikono mpaka viwikoni, akakaa kwenye kigoda, akaupakata mguu wa Sajini kama mtu anayepakata mtoto wa mwenzake.

"Pole na msiba, kaka. Nilimpenda sana mama yule. Alikuwa ananiita daktari, namwambia mimi si daktari, ananiambia nyamaza, nimekupandisha cheo."

Sajini akacheka, kwa sababu hivyo ndivyo Shangazi alivyokuwa. Akacheka huku macho yake yamekwenda kwenye kitanda cha Dresa, kilichokuwa nyuma ya mlango. Blanketi la kijani. Kona kama bahasha. Ncha zimegeuzwa ndani.

Angependa awe mtu mwingine yeyote. Angependa awe mlevi mmoja mwenye macho mekundu, anayetukana wapita njia.

"Ulipita jeshini?" akauliza, sauti ikiwa ya kawaida.

"Nilikuwa tabibu msaidizi, hospitali ya mahema. Mafunzo niliyapata ile kambi ya kwenye mawe, kwa yule mwalimu..."

"Mtoto wa fundi cherehani."

"Eeh! Na wewe?" Dresa akaangua kicheko, mkasi hewani. "'Kuruta, hiki kitanda au kichaka?'"

"'Kuruta, hapa atalala mtu au mbuzi?'"

Wakacheka mpaka machozi, wanaume wawili wenye mvi, na kwa kitambo kidogo Sajini alijisikia yuko nyumbani kuliko alivyowahi kujisikia tangu atoke jeshini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Dresa akapaka dawa. "Kule kwenye mahema," akasema bila kuulizwa, "kulikuwa na vijana hawana tena pa kushonwa. Wananiomba. Usiku kucha wananiomba. Daktari anapita kama hasikii." Akafunga kitambaa, akakata uzi. "Hakuna kitu kibaya, Sajini, kama kumuacha mtu anaomba. Shangazi yako hakuteseka. Hilo nakuhakikishia."

Sajini akavaa kiatu chake, akashukuru, akatoka. Akashuka moja kwa moja mpaka kituo cha polisi.

Inspekta wa kituo kidogo cha pale chini alikuwa mwanamke wa umri wa kuwa binti yake, mrefu, mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na si wengi wanaoweza.

"Nakuelewa," akasema. "Lakini kitanda si ushahidi, mzee wangu. Nikienda kwa hakimu na kona ya blanketi atanicheka. Tena kwa kona hiyo, wa kwanza kumfunga ni wewe."

"Mimi nilikuwa mbali."

"Najua. Bi Redio alishanitajia kazi yako, nikapiga simu kiwanda cha sabuni leo asubuhi. Mtaa huu akija mgeni anayeuliza habari za marehemu, nauliza habari zake. Wamesema ulikuwa getini." Akatabasamu kidogo. "Wamesema ulikuwa unasinzia."

"Nilikuwa nafikiri, afande."

"Haya, ulikuwa unafikiri. Kufukua makaburi kunataka ndugu wakubali na hakimu aandike, na hapo pia huenda mwili usiseme kitu. Kama aliwaziba pumzi kwa mto, mto hauachi alama. Na nikimkamata leo kwa maneno matupu, kesho wazee wote wa mwinuko watakuja kunilalia hapa mlangoni wanamtaka kijana wao."

"Na kesho anakwenda kwa nani?"

Wote wawili walijua mguu wa Bi Redio unabadilishwa bandeji siku gani.

Sajini akapanda mwinuko mbio mbio, kisigino kikimwasha. Akamkuta Bi Redio anachambua mchele, akamweleza yote. Na kwa mara ya kwanza pengine tangu apewe jina lile, Bi Redio akanyamaza kabisa. Mkono ulibaki ndani ya ungo.

"Dresa?" akasema mwisho. "Anayenikata kucha za miguu?"

"Sina ushahidi, Bi Redio. Lakini ndiye."

"Ngoja." Akaweka ungo chini. "Ngoja, mwanangu. Siku ile kabla Shangazi yako hajafa nilikuwa nimekaa hapo kitandani kwake. Dresa anamsafisha mgongo. Shangazi yako akamwambia, 'Nimechoka miye, mwanangu, Mungu anichukue tu nipumzike.' Mimi nikamwambia, akuchukue akupeleke wapi na ulimi huo. Tukacheka. Dresa hakucheka. Akamuuliza, 'Kweli, mama?' Akajibu, 'Kweli kabisa.'" Bi Redio akashika kifua. "Lakini hayo si tunasema kila siku? Goti likiuma nasema. Mvua ikinyesha nasema. Jana chumvi imeniishia nimesema!"

"Yeye huyachukua yalivyo."

"Basi nitamwambia."

Sajini alidhani hakusikia vizuri. "Utamwambia nini?"

"Kesho akija asubuhi nitamwambia nimechoka, nataka kufa. Atarudi mchana kubadilisha bandeji, watu wametoka. Wewe utakuwa hapo nyuma ya pazia, na huyo binti wa polisi awe chumba cha Shangazi. Mtaona kwa macho yenu."

"Hapana. Hapana, Bi Redio. Sikubali."

"Nani amekuomba ukubali?" Bi Redio akamgeukia kikamilifu, kiti kikalia. "Wewe umezoea kupeleleza maiti, mwanangu, hawabishani na wewe. Mimi ni mzima na nina mdomo. Nikikaa kimya ataniacha mimi aende kwa mwingine, na huyo mwingine hana mtu nyuma ya pazia. Unataka nilale na hilo?"

Alibishana naye mpaka giza likaingia, akashindwa, kama walivyoshindwa wengi kabla yake. Inspekta naye alipoambiwa alizungusha kalamu yake, akatoa sharti moja: Sajini asitokee mpaka mto ushuke usoni, yeye Inspekta akiwa anaona. La sivyo hawana kesi.

Asubuhi Bi Redio aliigiza mpaka akapitiliza. Sajini alimsikia kupitia ukuta akiguna na kuita marehemu wake mmoja mmoja kwa uhusiano wao, mama, baba, mume, mpaka shemeji ambaye kila mtu alijua walikuwa hawasemezani. Lakini mwishoni sauti ikashuka, akasema yale maneno polepole, na Sajini akasikia kuwa pale hakuigiza. Kisha sauti ya Dresa: "Kweli, bibi?" Na ya Bi Redio: "Kweli."

Mchana mtaa ukawa mtupu. Mama Pacha ameshuka na mkaa wake, watoto wako shule, kuku wamelala kwenye vivuli vya kuta. Sajini alisimama nyuma ya pazia la maua lililotenga kitanda na jiko, akapumua kwa mdomo. Kati ya pazia na ukuta palikuwa na mwanya wa kutosha jicho. Inspekta na askari wake walikuwa chumba cha Shangazi, na mlango uliounganisha vyumba viwili hivyo umeachwa wazi kidogo.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mwanangu."

Dresa akaingia na bakuli la maji ya uvuguvugu. Hakuwa na haraka. Akapiga magoti, akailowesha bandeji mpaka ikaachia yenyewe, isivute nyama. Akasafisha kidonda, akapuliza kidogo kama mama anayepoza uji. Sajini alitazama mikono ile na moyo wake ukamwambia umekosea, mzee, huyu ni mtu mwema, toka hapo uone haya. Dresa akafunga bandeji mpya, safi, akaipindia mwisho wake ndani. Alikuwa anamfunga kidonda mtu ambaye hakukusudia aamke.

"Na yale ya asubuhi, bibi?" akauliza kwa upole. "Bado umechoka?"

Bi Redio alikawia. "Nimechoka."

"Basi funga macho. Sitakuacha peke yako. Mimi simwachi mtu peke yake."

Akaweka kiganja chini ya kisogo chake, akakiinua kichwa taratibu, akautoa mto. Bi Redio alikuwa amefumba macho. Lakini kwenye mwanya ule Sajini aliona vidole vya miguu yake, vya mguu mzima na vya mguu mgonjwa, vimejikunja vikaushika ukingo wa godoro kama vidole vya mtu aliye juu ya mti.

Inspekta alisema asubiri mpaka mto ushuke. Sajini hakusubiri.

"Kuruta! Simama wima!"

Ilitoka kwa sauti ya mwalimu wao, hata yeye mwenyewe ilimshtua. Na Dresa, kufumba na kufumbua, akasimama wima kando ya kitanda, visigino pamoja, kidevu juu, mto umebanwa pajani. Miaka yote ile, na mwili ulikuwa bado unatii kabla kichwa hakijafikiri.

"Weka mto chini."

Akauweka.

Inspekta akaingia, uso umekunjana. "Mzee, umewahi mno," akanong'ona kwa hasira. "Hajafanya kitu. Mto mkononi si kosa."

Alisema kweli, na Sajini alijua. Alikuwa amemwokoa mmoja na pengine amewapoteza wote. Akamtazama Dresa, aliyekuwa bado amesimama vile vile. Jeshini alikuwa na mbinu nyingi za kuuliza. Hapo hakutumia hata moja. Akauliza tu.

"Ni wewe uliyemlaza Shangazi?"

"Ni mimi, Sajini," akajibu Dresa.

Inspekta akaganda, akamwashiria askari wake asogee asikie.

"Na mama mkwe wa muuza mkaa?"

"Mimi. Na dada wa fundi viatu. Na wengine wa bondeni, kabla sijahamia huku." Hakuwa na wasiwasi, ila uchovu kidogo. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Angeniuliza ningemjibu. Waliomba wenyewe. Niliwauliza mara mbili mbili kila mmoja."

"Hawakupambana?"

"Husukuma kidogo," akasema Dresa. "Wote husukuma. Ni mwili tu."

"Mwili tu!" Bi Redio alikuwa ameketi kitandani, kilemba kimemwendea upande. "Mwili tu, we mtoto? Na mimi ni nani kama si huu mwili? Huo unaosukuma ndiye mwenyewe anayesema! Ya mdomoni tunasema sote, tumezeeka, tunaumwa, hatutembelewi. Ulitakiwa useme 'pole, bibi', ukae, unywe chai, utuache tuseme tena kesho!"

Dresa akamtazama. Kitu kikaanza kumtoka usoni, polepole, kama rangi ya kitambaa kwenye maji ya moto. "Lakini mlisema," akasema. "Mliniambia kweli."

Sajini akasogea mpaka wakawa uso kwa uso. Alikuwa na swali moja na alikuwa anaogopa kuliuliza kuliko alivyowahi kuogopa bunduki.

"Shangazi yangu. Alisema nini mwisho?"

Dresa akashusha kidevu kwa mara ya kwanza. "Alisema ngoja."

"Ngoja?"

"Alisema, 'Ngoja kwanza, mwanangu yuko njiani.'" Akameza mate. "Wote wana mtu njiani, Sajini. Nimekaa na wazee hawa miaka. Nilijua huji."

Sajini alikuwa amekunja ngumi, na Inspekta aliiona, ila hakumzuia. Ngumi ikakunjuka yenyewe. Angempiga kwa lipi, na neno lile la mwisho lilikuwa kweli? Alikuwa yuko kwenye geti la sabuni, hajui hata siku ya wiki.

"Nilikuja," akasema tu. "Nilichelewa, lakini nilikuja."

Dresa alianza kulia bila sauti, mikono imenyooka pajani, kama kuruta aliyepinduliwa pamoja na kitanda chake. Askari alipomfunga pingu alizinyooshea mikono yeye mwenyewe. Mlangoni akageuka.

"Kidonda cha fundi viatu kibadilishwe kesho," akasema. "Kisilale na bandeji ile ile. Kikilala kinaingia mfupani."

"Twende," akasema Inspekta, lakini hakumsukuma.

Watu walipopata habari mtaa uligawanyika. Wapo waliotaka kushuka kituoni na mawe, na wapo walioapa kwamba ni uongo, kijana yule asingeua hata mende. Bi Redio aliwatuliza wote kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, akirudia kisa mwanzo mpaka mwisho kwa kila aliyepita, na hakutia chumvi hata chembe, jambo ambalo liliwashangaza kuliko kisa chenyewe. Mama Pacha alikaa chini katikati ya mkaa wake akalia upya, maana ni kama alifiwa tena, na safari hii vibaya zaidi. Inspekta alipanda mwinuko jioni kuchukua maelezo ya Sajini, akamwambia kwamba Dresa amesema yote mara ya pili mbele ya hakimu, hakubadili neno. Kisha akamuuliza anaondoka lini.

Sajini akasema hajui. Basi la asubuhi, labda.

Asubuhi zahanati ilikuwa haijaleta mtu. Walisema watatafuta. Hawakusema lini. Fundi viatu alikuwa ameshakuja akakaa kwenye ngazi ya Shangazi, suruali imekunjwa mpaka gotini, inzi wanaizunguka bandeji ya juzi. Nyuma yake bibi mwingine aliletwa na mjukuu kwenye toroli. Hawakumwomba Sajini kitu. Walikaa tu, kwa sababu walikuwa wamezoea kwamba siku ile kuna mtu anakuja.

Alisimama mlangoni akawatazama kwa muda mrefu. Halafu akaingia ndani, akawasha jiko, akabandika sufuria, akatia mkasi wa Shangazi. Akanawa mikono mpaka viwikoni.

Alianza na Bi Redio, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, na bibi hakutaka kushinda tena na bandeji ya Dresa.

"Taratibu!" Bi Redio akapiga kelele. "Unanivua bandeji au unanichuna ngozi?"

"Pole, Bi Redio."

"Pole yako haina maji. Lowesha kwanza! Lowesha, ungoje iachie yenyewe. Hukuona wenzako wanavyofanya?"

Akalowesha. Akangoja. Mikono yake ilikuwa mikubwa mno kwa kazi ile, na maji mengi yalimwagikia sakafuni kuliko kwenye mguu. Nje fundi viatu alikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kukumbusha kuwa yupo.

"Ngoja zamu yako, mzee," Bi Redio akampazia sauti, "huyu bado anajifunzia kwangu!"